Udongo Mweupe wa Pugu

Karakana yetu ya Dar es Salaam ilikuwa ikitumia udongo wa Devon, Uingereza. Unafika ukiwa wa kijivu, lakini ukipita motoni hutoka mweupe. Tulikuwa tukiukoroga uwe uji, tunaupaka juu ya chungu chekundu, kisha tunauchora kwa ncha ya mti hadi wekundu wa chini uonekane. Muuzaji akaacha kuuagiza, na kujiagizia mfuko mmoja mmoja kulizidi bei ya vyungu vyenyewe. Nikasema, basi, nifuate weupe wa nyumbani.

Nilipita Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni. Wengi wanaijua Pugu kwa sababu ya shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere hadi mwaka 1955. Wafinyanzi tunaijua kwa kaolini, udongo mweupe uliojaa katika vilima vile. Mgodi wa zamani umeacha mapango yanayokaliwa na popo. Lakini pale ni msitu wa hifadhi, na sikwenda huko na jembe. Nilisonga mbele mpaka Kisarawe, nikamkuta fundi anachimba shimo la choo katika kiwanja cha mtu, na kifusi chake cheupe pe. Mwenye kiwanja akaniruhusu kujaza viroba.

Kifusi hicho ni jiwe la mchanga lililoshikwa na kaolini. Niliyaponda mabonge, nikayaloweka na kuyakoroga kwa nguvu. Mchanga huzama mara moja, kaolini hubaki ikielea. Nikayamimina maji yale meupe katika ndoo nyingine, nikaacha yatulie, nikamwaga maji ya juu na kuanika tope. Weupe wake ulinipa furaha kubwa. Nilipoupaka kwenye chungu ukabanduka magamba, na hata palipobaki, baada ya kuchomwa ulifutika kwa kidole kama chaki. Kaolini ina mnato mdogo, na moto wetu wa nyuzi 1,000 hauifanyi ishikane. Hapo nikaelewa kwamba udongo wa Devon ulikuwa unafanya kazi mbili kwa mpigo, weupe na mnato, na sikuwa na sababu ya kuzitafuta zote katika shimo moja.

Kwa hiyo nilirudi Kisarawe, kwa bibi mmoja mfinyanzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefuata chungu?"

"Nimefuata udongo, bibi. Unaonata, lakini usioungua mwekundu."

Alichukua jembe akanishusha bondeni, chini ya majaruba ya mpunga. Aliondoa udongo wa juu wenye mizizi, akakata bonge la kijivu, akalisokota uzi mwembamba na kuuzungusha kidoleni. Haukupasuka. Hatua chache mbele akafanya vilevile. Mimi sikuona tofauti yoyote.

"Huu wa kwanza ndio wangu, unaiva mwekundu," akasema. "Ule wa pili huwa tunauruka. Chungu chake hupauka, wateja hawakitaki."

Uliokuwa ukirukwa ndio nilioutafuta. Mahali penye maji yaliyotuama na majani yanayooza, chuma huyeyuka na kuondoka polepole, na chuma ndicho kinachotia wekundu. Ukijivu uliobaki ni wa mabaki ya mimea, nao huungua ukaisha. Tulikausha vipande vya pande zote mbili hadi ndani, maana kipande chenye unyevu hulipuka, tukavizika katika makaa ya jiko. Kimoja kilitoka chekundu, cha pili rangi ya mchanga mkavu.

Mchanganyiko uliokubali ni sehemu sita za kaolini, tatu za udongo wa bondeni, na moja ya unga wa chupa za soda, kwani kioo huyeyuka mapema na kuzishikamanisha chembe. Funika pua na mdomo unaposaga kioo. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Paka chungu kikiwa bado na unyevu kidogo, ili vyote visinyae pamoja.

Weupe wetu si ule wa Devon. Una rangi ya tui la nazi, na kwa macho yangu unapendeza zaidi juu ya wekundu wa udongo wetu. Sitaagiza tena mfuko kutoka Uingereza kwa kazi hii.

Wafinyanzi wenzangu wa Dar na Pwani, nendeni mkaujaribu. Ombeni ruhusa ya mwenye shamba, chimbeni nje ya hifadhi, mlipeni mzee atakayewaonyesha mahali, na mfukie shimo kabla ya kuondoka, kwa maana watoto hupita mabondeni wakienda shule.