Boyie na Redio ya Magendo

Nilipokuwa mdogo pale mtaani Mowlem, Nairobi, katuni zilikuwa mali ya wavulana. Gazeti lilikaa kwa kinyozi, na kwa kinyozi wasichana hatukuwa na kiti. Sisi tulipita tu mlangoni tukitumwa sukari au mafuta taa. Jioni kaka yangu alipoleta Taifa Leo nyumbani, ilikuwa imeshapitia mikono ya nusu ya mtaa, chemshabongo imejazwa, na ukurasa wa Juha Kalulu umelainika kama leso kuukuu. Niliusoma hivyo hivyo. Juha wa Edward Gitau alikuwa amewachekesha Wakenya kwa miongo kabla sijazaliwa, na kwetu alikuwa mtu wa familia.

Kaka mwenyewe alimpenda Akokhan zaidi. Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi miaka ya sabini na kuchorea jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, ndiye aliyebuni hadithi hiyo ya mahasimu wawili, Akokhan na Tonkazan, wenye nguvu za ajabu na uhasama usiozeeka. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Stima ikipotea, watoto wa ploti tulijazana kwenye ngazi, mmoja ameshika mshumaa, kaka anasoma. Lakini hakusoma kilichoandikwa. Alikigeuza Sheng papo hapo, akawapa wale wachawi sauti za makanga wa Kariobangi na kuwaongezea matusi madogo ambayo Odoi hakuwahi kuyafikiria. Tonkazan alidai nauli. Tulicheka hadi jirani wa juu akagonga sakafu.

Nayasema haya kwa sababu Shujaaz ilipotoka Februari 2010, watu wengi waliona jambo geni: kitabu kizima cha katuni kwa Sheng. Mimi niliona ngazi zetu zimechapishwa.

Mama alinituma kwa wakala wa M-Pesa kutoa pesa. Kaunta ilikuwa na rundo la vijitabu vya rangi. Wakala, huku akiandika nambari ya kitambulisho changu kwenye daftari, alisema bila kuinua kichwa, "Siste, chukua moja, ni ya bure."

"Na ya mama?"

"Basi chukua mbili."

Sijui kama wakala yule alijua alichofanya. Kwa mara ya kwanza nilishika katuni ambayo hakuna mvulana aliyeigusa kabla yangu. Hakukuwa na kusubiri kaka amalize, wala kuomba. Shujaaz iliingizwa pia ndani ya Saturday Nation, na kila mwezi zilichapishwa nakala laki kadhaa, ila kwangu njia kuu ilikuwa ile kaunta. Kutumwa M-Pesa ni kazi ya wasichana, na kwa hiyo katuni zikaanza kufika nyumbani mikononi mwetu. Nadhani jambo hili halijasemwa vya kutosha. Tuzo ya Emmy ya kimataifa ambayo Shujaaz ilishinda mwaka 2012 ilistahili, lakini ushindi mkubwa zaidi ulikuwa kuitoa katuni kwa kinyozi.

Na shujaa mwenyewe! Boyie amemaliza shule, hana kazi, anaishi kwa mamake. Chumbani kwake ameunda mtambo wa redio, na kila siku anavamia masafa ya FM kwa jina la DJ B. Hana leseni. Kwa sheria ya Kenya huyo ni mhalifu, wa kunyang'anywa mitambo na kushtakiwa. Siri yake ndiyo ilitushika, maana kila mmoja wetu alijua jinsi ukuta wa Eastlands ulivyo mwembamba. Ukipika samaki, ploti nzima inajua. Boyie atarushaje matangazo bila mama kusikia? Tulibishana mwezi mzima tukingoja toleo jipya. Walikuwepo wengine pia, kina Maria Kim, Malkia na Charlie Pele, kila mmoja na hekaheka zake, lakini sisi tulikuwa wa Boyie.

Kilichoniteka zaidi ni kwamba jambazi huyu wa masafa alitangaza mambo ya kutumika. Katika hadithi moja vifaranga wanapakwa rangi kali ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Mama aliikunja nakala hiyo, akaituma ushago kwa nyanya pamoja na sabuni na majani ya chai. Nyanya alipiga simu kuuliza kama watu wa Nairobi wamerukwa na akili. Baadaye akauliza tena, kwa sauti ya chini kidogo, rangi yenyewe inauzwa wapi.

Mwaka huo huo wa 2012, mwezi wa Aprili, Odoi alifariki katika ajali ya matatu hapa Nairobi. Kaka alikuwa ameshahama. Alinipigia, tukakumbushana Tonkazan akidai nauli, na hatukuweza kucheka.

Kisha simu zikachukua kila kitu. Boyie alikuwa tayari yuko Facebook, na vijana waliokuwa wakimtumia ujumbe mfupi wakahamia huko. Siku hizi mpwa wangu anasoma katuni akiwa ndani ya matatu kwenye barabara ya Outer Ring, anapandisha skrini kwa kidole gumba, picha moja moja, mtindo uliokuzwa na Wakorea tangu kampuni yao ya Naver ianzishe Webtoon mwaka 2004. Ana hadithi za majambazi, mazimwi na wachawi wasiokwisha, na akitaka kurudi sura ya kwanza anarudi, mradi ana bando. Sisi ukikosa toleo la Machi umelikosa. Hilo silikumbuki kwa hamu hata kidogo.

Ninachokikosa ni ubishi. Yeye huandika maoni yake chini ya picha, anajibiwa na watu asiowajua, anafunga simu. Kwa hiyo nimemtolea nakala zangu za Shujaaz, zile ambazo mama hakuzituma ushago. Alisoma tatu mfululizo, kisha akaniambia, "Shangazi, huyu Boyie angeshikwa wiki ya kwanza. Antena anaificha wapi?" Nikamwambia kwenye kamba ya nguo. Akakataa: kamba ya nguo kila mtu anaifikia, hata mwenye nyumba. Dada yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kusema ni kwenye tangi la maji, na mpaka ugali unaanza kuungua hatukuwa tumekubaliana.