Jina la Mwezi

Miaka ya 1980 hapa Dakawa waliishi wakimbizi wa ANC kutoka Afrika Kusini. Baadhi ya watu wa nchi ile wana majina ya ukoo ya Kiholanzi. Visser ni mvuvi, Bakker ni mwoka mikate, Jansen ni mwana wa Jan.

Lakini yako majina yenye machozi. Waholanzi walifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, wakaleta watumwa kutoka Asia, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Wengi walinyang'anywa majina yao wakaitwa kwa miezi: Februari, Aprili, Septemba. Mtu akawa kama mzigo ulioandikwa tarehe bandarini.

Hata hivyo, aibu haikudumu katika majina hayo. Dulcie September, mwalimu na mwakilishi wa ANC Ufaransa, aliuawa kwa risasi Paris tarehe 29 Machi 1988. Leo jina lake hutajwa kwa heshima.

Binti mmoja alileta mtoto abatizwe. Akaninong'oneza, "Baba Mchungaji, kwenye jina la baba utaandika nini?" Nikamjibu, "Binti yangu, hata Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Na kisimani mtoto huyu anapewa Baba asiyemkana."

Wapendwa, katika Isaya 43 Mungu anawaambia watu waliohamishwa kwamba amewaita kwa majina yao, nao ni wake. Basi kabla ya kuuliza mtoto huyu ni wa nani, tukumbuke kwamba jibu limekwisha kutolewa.