Safari ya Desemba Huanza Januari

Kwa mfanyakazi wa mjini mwenye kipato cha kadiri, mwaka una miezi kumi na mmoja ya kujikimu na mmoja wa kutahayari. Desemba inapoingia, watoto huulizia nguo za sikukuu, wazazi huuliza kutoka kijijini, "Mnakuja lini?", na kabla vumbi la safari halijakung'utwa, Januari imekwisha kubisha hodi na madai yake ya sare, viatu na madaftari. Ndipo baba na mama wanapotazamana, na kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye aliyetapanya fedha.

Lakini tukitafakari kwa utulivu, ndugu msomaji, ni lipi kati ya mambo hayo lililokuja kwa ghafla? Krismasi haijapata kuangukia mwezi Machi. Mguu wa mtoto hukua kila mwaka, na kiatu cha mwaka jana hakitamtosha. Ugonjwa huja bila kubisha, na msiba vivyo hivyo. Ila sikukuu, likizo na shule zina tarehe zake, nasi tunazijua. Taabu yetu nyingi haitokani na uchache wa mshahara peke yake, bali na mazoea ya kuyabebesha matumizi ya mwaka mzima juu ya mgongo wa mwezi mmoja.

Mimi ni mzaliwa wa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Kutoka Dar es Salaam, mtu wa kwetu husafiri kwa basi kupitia Iringa, Makambako na Njombe hadi Songea. Kisha hupanda milima ya Umatengo hadi Mbinga, akateremka hadi Mbamba Bay, na kutoka hapo akafuata mwambao. Siku hizi lami imefika Mbamba Bay na safari imekuwa nyepesi kwa mwili. Kwa mfuko ingali nzito, hasa kwa baba, mama na watoto wawili.

Hata hivyo, somo bora la kupanga matumizi nililipata huko huko ziwani, kabla sijajua mshahara ni kitu gani. Usipa, wale samaki wadogo ambao ni riziki ya watu wengi wa mwambao, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni za betri. Mwanga huwavuta samaki usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza nguvu zake na wavuvi hukaa pwani. Isitoshe, kuanzia Mei hadi Agosti huvuma upepo mkali wa kusini uitwao mwera, na zipo siku ambazo hakuna mtumbwi unaothubutu kutoka.

Basi mama wa Lundo hapimi riziki yake kwa siku ya neema. Usipa wanapomiminika, huwaanika juani, wengine huuzwa na wengine huwekwa akiba. Usiku wa giza hulipia usiku wa mbalamwezi. Hakuna anayeulalamikia mwezi kwa kuwaka, kwa kuwa kila mtu anajua utawaka.

Sisi wa mshahara tuna bahati ambayo mvuvi hana, maana tunaijua tarehe ya mavuno yetu na kiasi chake. Ajabu ni kwamba yeye asiyejua atapata nini huweka akiba, na sisi tunaojua tunakopa.

HESABU YA MWAKA

Nyumbani kwetu, mimi na mume wangu tuna daftari moja la mistari. Kila Januari tunaandika humo yale mambo ya mwaka yenye tarehe, tunayajumlisha, na jumla tunaigawa kwa kumi na mbili. Nitatoa mfano, msomaji aweke bei za soko lake. Sare na viatu vya watoto wawili, shilingi 160,000. Nguo za baba na mama, 120,000. Nauli ya watu wanne kwenda Lundo na kurudi, 600,000. Mahitaji ya wazee na zawadi, 200,000. Jumla ni shilingi 1,080,000. Ukizitafuta fedha hizo Desemba, utapata homa. Ukizigawa, ni 90,000 kwa mwezi.

Nayo ikizidi uwezo, daftari litakuambia mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuchagua. Familia inaweza kusafiri kila baada ya miaka miwili: nauli ya 50,000 kwa mwezi inakuwa 25,000, na fungu zima linashuka hadi 65,000. Au mwaka huu aende baba na mtoto mmoja, na mwaka ujao mama na mwingine.

Fungu hilo lisikae mahali pamoja na fedha ya mboga, kwa maana mboga italila. Wengi wetu tumo katika vikundi vya kuweka na kukopa. Vikundi vingi hugawana akiba mwisho wa mwaka, na hapo fedha ya safari hufika yenyewe kwa wakati wake. La muhimu ni kikundi chenye vitabu vinavyosomwa mbele ya wanachama wote, na kukata tiketi mapema kabla ya msongamano wa sikukuu.

NGUO

Mama yangu husimulia jinsi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitambaa na sabuni vilivyokuwa adimu, hata nguo moja ya heshima ikaazimwa na ndugu watatu kwa harusi tatu. Leo taabu yetu ni kinyume chake. Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka hiyo, mitumba imejaa kila soko, nasi tunanunua kwa sababu ni rahisi, wala si kwa sababu tunahitaji. Mashati matano ya bei poa yasiyovaliwa ni ghali kuliko moja linalovaliwa kila wiki.

Sipingi mitumba, watoto wangu wanaivaa. Ila nguo ikaguliwe mchana, ivutwe kwenye mishono, itazamwe makwapani na kwenye zipu. Sare ya mtoto ni bora ishonwe na fundi cherehani kwa kitambaa kizito, yenye pindo pana la kushushwa mwaka unaofuata. Shati la baba lililochakaa kola hugeuzwa kola likaishi tena. Na doti moja ya khanga, kwa vile ni vipande viwili, hufanya kazi ambayo gauni haliwezi: hubeba mtoto, hufunika kichwa msibani, hutandikwa kitandani.

Ada katika shule za Serikali imefutwa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na cha sita. Nafuu hiyo ni kubwa. Lakini sare haikufutwa, wala kiatu. Na mzazi aliyedhani elimu haina gharama tena ndiye anayehangaika Januari.

MIKONO MITUPU

Sasa nifike kwenye jambo ambalo daftari peke yake haliliwezi. Ninamfahamu jamaa mmoja wa kwetu, mwashi hapa mjini, ambaye kwa miaka saba hakukanyaga kwao. Si kwamba alimsahau baba yake. Alimtaja kila siku. Kila mwaka alisema, "Nikipata kitu, nitakwenda." Aliona haya kushuka garini bila suti mpya, bila khanga za shangazi na shati la kila mjomba. Mwaka wa nane alikwenda, naye alikwenda kuzika. Nauli aliyoikosa kwa miaka saba aliikopa kwa jioni moja, kwa riba, na alimaliza kuilipa mwaka uliofuata.

Ndugu msomaji, tunawakosa wazazi wetu kwa ajili ya nguo.

Mwaka juzi nilimpigia mama simu mwezi Februari, nikamwuliza anachohitaji Desemba. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, khanga mnazoniletea zimejaa sandukuni, nyingine sijazifungua. Nyumba inavuja upande wa jiko. Na wewe uje nikuone." Hakutaja kitu kingine. Tulituma fedha ya bati mbili na misumari mwezi Septemba, kabla ya mvua, na gharama yake ilikuwa chini ya ile ya mafurushi ya zawadi.

Tangu hapo, mstari wa zawadi katika daftari letu haujazwi mpaka wazee waulizwe. Wapo watakaotaka dawa, wapo watakaotaka mbegu, wapo watakaotaka jembe. Wachache sana watataka kuona suti yako.

Basi tusingoje mwezi wa kumi na mbili. Jioni ya leo, baba na mama wakae na watoto wenye umri wa kuelewa, waandike mambo ya mwaka na gharama zake, nao watoto wasikie kwa nini viatu ni jozi moja na siyo mbili. Mtoto aliyeshirikishwa katika hesabu haoni kuwa amenyimwa. Huona kuwa anashiriki kujenga nyumba. Kisha mmoja wenu apige simu nyumbani aulize swali fupi: "Mnahitaji nini?" Jibu lake huenda likapunguza gharama ya safari nzima, na lisipoipunguza, walau mtajua mapema ni kiasi gani cha kuweka kila mwezi ili mfike wazee wakingali hai.