Sebule ya Nyanda za Juu: Viti Vifuate Nyumba na Watu Wake

Barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya ina urefu wa zaidi ya kilomita 300, na kwa msafiri wa mchana ni darasa la kutosha juu ya mbao, viti na makochi. Pembeni utaona mbao zimepangwa, mafundi wanapiga randa, na malori yamebeba viti vilivyofungwa kwa kamba.

Sisi tunaoandika haya ni wauguzi na akina mama wa kanisa tunaowatembelea wagonjwa na wazee majumbani katika mikoa hii. Kazi hiyo imetuingiza katika sebule nyingi, za wenye nacho na za wasio nacho. Tumeona kwamba sebule yaweza kumpa mgonjwa nafuu au kumwongezea taabu, na mara nyingi tofauti haitokani na bei ya viti. Basi, mama mwenzetu, tunakualika usafiri nasi katika barabara hii, tukisimama hapa na pale, tujifunze kuchagua samani zinazoifaa nyumba na watu waliomo.

IRINGA: PIMA KWANZA

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Mto Ruaha Mdogo unapita chini yake. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huwafanya watu wafunge milango mapema. Wahehe wa zamani waliijua baridi hiyo; walijenga tembe, nyumba ndefu za udongo zenye paa bapa, ambazo zilihifadhi joto. Vitu vya ndani vilikuwa vichache na vya kusogezwa kwa urahisi. Nyumba ndiyo iliyoamua kiti kiweje.

Siku hizi twajenga kwa tofali na bati, lakini wengi wetu tumegeuza mambo: kiti ndicho kinachoiamulia nyumba. Tuliwahi kumtembelea mama mmoja ambaye yeye na mumewe walikopa fedha za kikundi ili wanunue seti ya watu saba, yaani kochi la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Seti ilipoletwa, kochi kubwa halikupita mlangoni. Lilikaa barazani wiki mbili hadi fundi alipong'oa fremu ya mlango, na marejesho ya mkopo yalikuwa yakiendelea.

Tufanye hesabu kidogo. Sebule ya futi 10 kwa 12 ina upana wa mita 3 na kidogo. Kochi lina kina cha karibu sentimita 90. Ukiweka makochi mawili yakitazamana katika upana huo, yamekula sentimita 180. Zimebaki kama 125. Weka meza ya sentimita 60 katikati, na kila upande unabaki na nafasi ya sentimita 30 tu. Hapo mwenye magongo hapiti, na mama aliyebeba mtoto mgongoni na sinia mkononi atapita kwa shida.

Kwa hiyo chukua utepe wa fundi cherehani. Pima chumba, pima mlango, pima na kona ya ukumbi. Kisha tandaza magazeti makuukuu sakafuni kwa ukubwa wa kila kochi unalolitamani, na familia nzima ipite katikati yake kwa siku moja. Magazeti yatakuambia ukweli kabla ya fedha kutoka.

Sebule ndogo ya Iringa yaweza kupendeza kwa vitu vya hapo hapo. Vikapu vya milulu wanavyosuka akina mama wa Kihehe hubeba nyuzi, nguo za kukunja na michezo ya watoto, na huingia chini ya meza wageni wanapofika. Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, imewapa kazi watu wenye ulemavu, miongoni mwao viziwi, na vitambaa wanavyofuma vyaweza kukipa uhai kiti cha zamani.

MAFINGA: UJUE UBAO

Yapata kilomita 80 kutoka Iringa unafika Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi. Hapa ndipo penye Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Misindano, ambayo mafundi huiita paini, imepandwa vilima kwa vilima, pamoja na mikaratasi.

Paini ni ubao mwepesi, rahisi kurandwa, na bei yake ni nafuu kuliko mninga. Si ubao wa kudharau, lakini una masharti. Ubao mbichi hujikunja na kupasuka ukishakuwa kiti, na viungo hulegea. Ubao uliokauka ni mwepesi mkononi, haunati utomvu, wala hauna ubaridi wa majimaji ukiugusa. Mwulize fundi umekaa muda gani tangu upasuliwe, na uangalie kama amezipanga mbao kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Paini isiyotiwa dawa pia huliwa na mchwa na dumuzi, kwa hiyo usiikalishe moja kwa moja juu ya sakafu ya udongo.

Mninga, unaotoka katika misitu ya miombo kama ile ya Chunya, ni mgumu na hustahimili wadudu. Kiti cha mninga kikitengenezwa vizuri mjukuu wako atakikalia. Lakini kwa bei ya seti nzima ya mninga huenda ukapata viti viwili vya mninga kwa wanaokaa sana, na benchi la paini kwa wengine. Huo si umaskini, ni hesabu.

Jambo moja zaidi: geuza kiti chini juu kabla hujalipa. Kitambaa kizuri huficha misumari iliyopigwa ovyo na vipande vya maboksi. Kandamiza sponji kwa kiganja hadi mwisho. Ikikawia kurudi, au ukaigusa mbao, itakuwa imelala kabla mwaka haujaisha.

MAKAMBAKO: BARIDI NA MOTO

Makambako ni njia panda; barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapa, na reli ya TAZARA inapita. Upepo wake unajulikana, na kule Njombe baadhi ya asubuhi za Juni na Julai majani huamka na sakitu.

Katika baridi kama hii familia huhamia sebuleni, na jiko la mkaa huhamia nalo. Hapa tunasema kama wauguzi, na tunasema kwa msisitizo: jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala lisiachwe likiwaka watu wamelala. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyevuta huhisi kichwa kinauma na usingizi unamlemea, na wengine hawaamki tena. Joto la salama latafutwe kwingine: pazia zito, zulia au mkeka mnene juu ya saruji, kitambaa cha sufi juu ya kochi, na viti vilivyosogezwa mbali na dirisha linalopitisha upepo.

Moto una mlango mwingine, nao ni meza. Kitambaa cha meza kilichofumwa kwa ustadi na kuning'inia pande zote ni fahari yetu. Lakini mtoto wa mwaka mmoja anayejifunza kusimama hukishika ili ajiinue, na chupa ya chai humwagikia kifuani. Tumewauguza watoto wa namna hiyo. Fuma kitambaa kinachoishia ukingoni mwa meza, chai ikae katikati, na kama mtoto ni mdogo, meza ya kioo yenye ncha isubiri. Kabati refu la televisheni lifungwe ukutani kwa skrubu, kwa sababu mtoto hupanda droo kama ngazi. Ajali ya kuungua ikitokea, poza kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 na umpeleke kituo cha afya. Usimpake dawa ya meno wala mafuta.

USANGU: JOTO NALO LIPO

Baada ya Makambako barabara inateremka hadi bonde la Usangu. Igawa, Chimala na Igurusi ni nchi ya mpunga, na hapa sweta huvuliwa. Anayefikiri Nyanda za Juu ni baridi tupu atashangaa. Kochi la kitambaa kizito linalopendeza Njombe humtoa mtu jasho Chimala. Huku kiti cha mbao chenye mto wa pamba unaovuliwa na kufuliwa kinafaa zaidi. Basi usinunue kiti kwa sababu dada yako wa mji mwingine anacho. Uliza kwanza hewa ya kwako ikoje.

MBEYA NA TUKUYU: WAZEE NA MVUA

Mbeya iko chini ya Mlima Loleza, yapata mita 1,700 juu. Katika mtaa mmoja wa mji huu tulikuwa tukimtembelea bibi aliyepatwa na kiharusi. Nafuu yake ilikuwa imeanza, lakini alikuwa akilala chumbani mchana kutwa. Wanawe hawakuwa wakatili. Makochi yao yalikuwa mapya, ya chini na laini mno. Bibi akiketi alizama, na kumwinua kulihitaji watu wawili. Hivyo wakamwacha kitandani, na familia ikala, ikacheka na kusali upande wa pili wa ukuta.

Tulimwita fundi wa jirani. Alitengeneza kiti kimoja cha paini: kikalio kigumu kiasi, kimo cha sentimita 45, mgongo ulionyooka na mikono imara ya kushikia. Baada ya wiki chache bibi alikuwa akiinuka kwa kusaidiwa na mtu mmoja, na mahali pake palikuwa karibu na dirisha la jua, mbele ya wajukuu. Kiti hicho hakifanani na seti, na mkwewe alituuliza kama wageni hawatacheka. Mume wake akamjibu, "Mgeni anakaa saa moja. Mama anakaa siku zote."

Kutoka Uyole ukielekea kusini unafika Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Wanyakyusa walikuwa wakijenga nyumba za mianzi, na viti vya mianzi vina faida zao: ni vyepesi, hutolewa nje kukikucha jua, na havinyonyi maji kama sponji. Ukiwa na makochi katika nchi yenye mvua hivyo, yaache nafasi ya kiganja kutoka ukutani hewa ipite, na maganda yake yawe ya zipu ili yafuliwe. Ukungu na vumbi vilivyojificha nyuma ya kochi humsumbua sana mwenye pumu.

KABLA HUJAMLIPA FUNDI

Mwisho wa safari tunakuomba ufanye jambo moja. Keti na mume wako mwandike majina ya wote wanaokaa sebuleni kwenu kila siku, na mbele ya kila jina mwandike anachohitaji: bibi, kiti cha kuinukia, mwanafunzi, meza na mwanga, mtoto mchanga, sakafu iliyo wazi, wewe mwenyewe, mahali pa kunyoosha mgongo baada ya kazi. Jumuiya ikija kusali nyumbani kwenu, stuli zinazopangwa moja juu ya nyingine na mkeka mzuri zitawatosha wote, kisha zitaondolewa. Pangeni na fedha iliyopo, kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao, bila kuigusa ada ya watoto.

Karatasi hiyo mpelekee fundi. Naye akikuonyesha picha ya seti ya mjini, mwonyeshe vipimo vya mlango wako.