Safari Yetu ya Kidepo

Wenzangu mliomaliza shule, nanyi mlio darasani sasa, nataka kuwaeleza kosa tulilofanya, ili nanyi msilirudie.

Mbuga ya wanyama ya Kidepo iko katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Uganda, katika nchi ya Wakaramoja, nayo imepakana na Sudani Kusini. Ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1962, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,442.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili. Mweka hazina wetu alikuwa kijana wa darasa la mwisho, ambaye mwaka mzima aliuza karanga jioni ili mchango utimie. Fedha zilipotimia mwezi wa Agosti, tukaona hakuna la kungoja. Mlinzi wa usiku wa shule, mzee wa Kikaramoja, alituonya: "Wanangu, kwetu mvua huanza Aprili hata Oktoba. Ngojeni Januari." Tukacheka, tukasema mzee anaogopa matope. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Tulipita Soroti, Moroto na Kotido. Tulipokwisha kupita Kaabong, lori letu lilizama katika udongo mweusi unaonata. Tulisukuma mchana kutwa. Tulipolitoa, mbele yetu palikuwa na kijito kilichofurika hata hakivukiki. Tulilala hapo siku mbili, chakula kikaisha, tukarudi. Hatukuona hata mkia wa pundamilia. Mweka hazina hakusema neno. Alihesabu tu fedha zilizobaki, zitoshe mafuta ya kurudia.

Desemba akamaliza shule, akapata kazi mjini. Tulipofanya safari ya pili Januari, hakupewa ruhusa.

Safari hii tulimwendea mzee kwanza. Alituambia tuchukue maji ya kunywa, tairi la akiba na mafuta ya kutosha, maana huko maduka ni machache. Tena alitueleza mahali pa kutazama. Wakati wa mvua nyasi huwa ndefu na wanyama hutawanyika. Wakati wa kiangazi maji husalia katika vidimbwi vya bonde la Narus, nao hukusanyika huko. Ikawa kama alivyosema. Mto Kidepo ulikuwa mchanga mtupu katikati ya mivumo, lakini Narus, karibu na Apoka, tuliona nyati makundi kwa makundi, tembo, pundamilia, na simba wawili juu ya mwamba.

Nilimwandikia mweka hazina barua ndefu, nikamweleza yote. Akanijibu kwa maneno machache: "Nashukuru, nimeona kwa macho yako. Je, mzee mmemshukuru?"

Niliona haya, maana hatukuwa tumemshukuru. Jioni ile tulimpelekea mzee kilo mbili za sukari, tukamwomba radhi kwa kicheko chetu.