Mbwa Naye Hupiga Hodi

Hola,
Tana River.

Mpwa wangu mpendwa,

Maembe yameanza kuiva, na nyani wamekwisha kupata habari. Mama yako ameniambia unahamia shamba la babu yako mwezi ujao, na kwamba unakuja na mbwa wako kutoka Garsen. Umefanya vyema, maana shamba la kando ya Tana lisilo na mbwa ni mali ya nyani na ngiri. Lakini hapa yupo Simba, amelilinda shamba hilo miaka sita, wala hajui kwamba analetewa mwenzake. Ndiyo maana nakuandikia kabla hujafunga mizigo.

Lile kovu la mkono wangu wa kushoto, ulilokuwa ukiniuliza utotoni nami nikikwepa, si la panga. Nilileta mbwa mgeni, nikamshusha kwenye lori, nikamvuta kwa kamba mpaka langoni, uso kwa uso na mwenyeji. Wote wawili walikuwa wakitikisa mikia. Nikawaambia watu, "Mnaona? Wamependana." Sikumaliza kucheka kabla hawajarukiana, na mimi kwa ujinga nikatia mkono katikati. Niliona mikia inatikisika. Sikuona kwamba imesimama wima kama milingoti na inatetemeka nchani tu.

Mwanangu, mkia peke yake hautoshi. Mbwa mwenye nia njema hutikisa mkia kwa mapana, mpaka kiuno kinayumba, mdomo ukiwa wazi na macho yamelegea. Mwenye nia nyingine hukakamaa. Nilisoma kwamba wataalamu wa Italia walichapisha mwaka 2007 kuwa mbwa huuelekeza mkia zaidi upande wake wa kulia amwonapo bwana wake, na upande wa kushoto aonapo mbwa asiyemjua anayemtisha. Macho yangu ya uzeeni hayana kasi ya kupima hayo. Mimi natazama kimo cha mkia na ugumu wa mwili.

Pia tazama anavyokuja. Mbwa mwenye adabu haendi kwa mwenzake moja kwa moja akimkodolea macho. Huzunguka kwa upinde, akageuza uso pembeni, akanusa ardhi, kisha akanusa upande wa nyuma wa mwenzake. Hiyo ndiyo hodi yake. Akipiga miayo na hana usingizi, au akijilamba pua na hakuna chakula, anasema moyo wake hauna raha: mwongezee nafasi. Manyoya ya mgongoni yakisimama, jua damu imechemka, iwe kwa hofu, kwa hasira au kwa hamu tu. Akiinamisha kifua chini na kuacha makalio juu, anaomba mchezo. Cha kuogopa kuliko vyote ni kimya. Mbwa akiganda, mdomo umefungwa na weupe wa jicho unaonekana, waachanishe hapo hapo, wala usingoje aseme zaidi.

Akinguruma, usimpige. Kunguruma ni onyo. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kukuonya.

Sasa namna ya kuwakutanisha. Hapa Tana tunajua yanayotokea wawili wakikutana kwenye malka nyembamba, ile njia ya mifugo kwenda mtoni, kila mmoja na kiu yake. Kwa hiyo si langoni, si kwenye kichochoro, wala si ukingoni mwa mto, maana mamba naye hungoja wageni. Tafuta uwanja mpana usio wa yeyote kati yao. Wewe mshike wako, mimi nitamshika Simba. Tutatembea tukielekea upande mmoja, tukiwa mbali, na tutasogeleana kidogo kidogo kadiri wanavyolegea. Kamba isikazwe, kwani kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba bwana wake anaogopa, na humzuia kugeuka apendavyo. Wakinusana, hesabu hadi tatu, kisha mwite wako na muendelee kutembea. Wakishikana, usitie mkono kama mimi; wamwagie maji au upitishe ubao kati yao.

Nyumbani, ondoa mifupa na makombo, na kila mmoja ale mahali pake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbwa mpe zaidi ya hizo. Usiwaache peke yao shambani mpaka uwaone wamelala karibu bila kuchungana.

Mchanje wako wiki hii dhidi ya kichaa cha mbwa, maana chanjo huhitaji majuma kadhaa kushika, na irudiwe kila mwaka. Mtu akiumwa, hata mkwaruzo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Na majirani wakikuuliza habari ya dini, waambie kwa upole kwamba mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa. Ila chombo alichokilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo, na alale nje. Usije ukawalazimisha kumzoea. Nao wana haki ya kusogea polepole.

Ukifika Minjila, nipigie simu. Nitamtoa Simba mapema, nimzungushe mpaka achoke kidogo. Usipitilize nyumbani, hata kama mama yako amepika na anakungoja. Simama kule uwanjani, mbali, kamba ikiwa imelegea mkononi, na uwe na subira. Chakula kitapoa, lakini tutakula sote tukiwa na mikono mizima.

Wassalamu,
Mjomba wako.