Kabla ya Nauli, Ulizeni Mshahara

Nataka kuwaeleza jambo lililonipata mwenyewe. Mimi ni karani wa parokia, na hapa Oloipiri wazazi wengi hunijia niwaandikie barua. Mwaka 2023 alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka kumi na minane. Huko Arusha palitakiwa mtu wa kumtunza bibi mgonjwa. Nikaandika kwamba binti ni mwaminifu na mchapakazi. Nauli ikaletwa, tukafurahi. Mshahara hatukuuliza.

Baada ya miezi minane alirudi amekonda. Alikuwa akimwinua bibi, akimwogesha, akimlisha na kukesha naye, kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenzake aliyevuka mpaka akafanya kazi hiyohiyo Nairobi alipata zaidi sana. Akaniuliza, "Mwalimu, kazi ni moja, mbona mishahara si sawa?" Sikuwa na jibu, nikaenda kutafuta.

Nikaona hivi. Kenya hutazama mahali: amri yao ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani kuwa shilingi 15,201 za Kenya kule Nairobi, na 8,109 nje ya miji. Sisi Tanzania tulitazama tajiri na malazi. Amri iliyoanza 1 Januari 2023 iliweka shilingi 250,000 kwa mtumishi wa balozi, 120,000 kwa mtumishi wa nyumba ya kawaida anayelala kwake, na 60,000 kwa anayelala kwa tajiri.

Basi binti yule alinyimwa nusu ya haki yake, na barua yangu ndiyo iliyomfikisha huko.

Labda mtasema, "Lakini alikula na kulala bure." Sivyo. Kile kima cha 60,000 kilikuwa hasa cha mtu anayelala hapohapo.

Wazazi wenzangu, viwango hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya kazi kabla mtoto hajapanda gari. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 yamtaka tajiri aandike masharti ya kazi, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Siku hizi siandiki sifa za mtoto kabla sijaona karatasi ya tajiri yenye mshahara, saa na siku ya mapumziko.

Binti yule amekwenda kazini tena, Karatu. Safari hii karatasi ilitangulia, nauli ikafuata.